SOMO LA KIINGEREZA: KUSEMA MAONI YA WATU WENGI



Mara hii ukurasa wa Kiingereza umetuangukia sisi makapita, na haukutuangukia bure. Ni kwa sababu ya barua moja tuliyoiandika vibaya, ambayo shule nzima imekwisha kuicheka. Mwalimu wa Kiingereza alisema: waliokosa njo wafundishe. Basi tunafundisha. Mwenye kaye la Kiingereza alikamate.

Kisa ni hiki. Wageni waliotutembelea walitutumia makarto mawili ya mabuku ya Kiingereza kwa ajili ya maktaba yetu. Kabla ya kutuma mengine, walitaka kujua tunayaonaje. Tulipewa kazi ya kuandika jibu kwa jina la wanafunzi wote. Tulikaa watu watano, usiku mmoja, wakati wa kusoma, tukaandika: "All the pupils of our school find the books very useful." Ni kusema, wanafunzi wote wa shule yetu wanaona kama mabuku haya yanafaa sana. Tuliifurahia sentensi ile. Kwa sarufi haina kosa, hata leo hakuna neno la kubadili ndani yake.

Asubuhi yake, mbele ya mstari, barua ilisomwa na kutafsiriwa kwa Kiswahili. Binti mmoja wa kelasi ya chini akanyoosha kidole: "Ni nani alituuliza siye? Ile mabuku hatuisomake, Kiingereza yake iko nguvu sana. Mukisema siye wote tunaipenda, batatuma tena ya namna ile ile!"

Watu walicheka. Mwalimu yeye hakucheka. Alitukabidhi karatasi yetu, akasema neno moja tu: "Mukahesabu."

Mchungaji aliyekuwa hapo akaongeza ya kwake. Alitutuma tusome Matendo ya Mitume sura ya 15, fasi mitume na wazee wa Yerusalema wanaandika barua kwa ndugu wa Antiokia. Barua ile inasema wazi ni akina nani wanaoandika na kwamba wamepatana. Tena inataja watu fulani waliotoka kwao wakawavuruga ndugu pasipo kutumwa. Tulipofika kwenye mstari ule tulifahamu tuko upande gani wa barua.

Basi tulitembea kelasi kwa kelasi siku mbili, na katika kutembea tuliona kwamba Kiingereza kina ngazi nzima ya maneno kwa kazi hii ya kuhesabu maoni. Sisi tulikuwa tumesimama juu ya kipandio kimoja tu, kile cha juu kabisa.

Kipandio hicho ni "all of us". Munaweza kusema "All of us think so" ao "We all think so", lakini hapana "We think all so". Mukiwa wawili, neno "all" halina kazi: ni "Both of us think so" ao "We both think so". Mmoja wetu aliandika "We are two to think so", akifuata Kifaransa "nous sommes deux à penser". Mwingereza akisoma mwanzo wa sentensi hiyo, "We are two", anaweza kuwaza kama tuko watoto wa miaka miwili.

Chini yake kuko "most of us", wengi wetu, zaidi ya nusu. Hapa Kifaransa kinatutega. Kwa kuwa tumezoea "la plupart des élèves", tunaandika "the most of pupils". Sivyo. Ni "most pupils" kama unasema wanafunzi kwa jumla, wa popote. Ni "most of the pupils" kama unasema wale wanaojulikana, mfano wa shule yetu. Ile "the" inakuja nyuma ya "of", si mbele ya "most".

Mfano mzuri wa "most" tuliupata katika kitabu cha Hesabu, sura ya 13 na ya 14. Musa alituma wapelelezi 12 katika inchi ya Kanaani. Kumi walirudi wakisema hatuwezi. Yosua na Kalebu walisema tunaweza. Sasa mwanafunzi akiandika "The spies thought that the people of the land were too strong for them", amewameza Yosua na Kalebu wazima. Sentensi ya haki ni hii: "Most of the spies thought that the people of the land were too strong for them, but two of them did not think so." Kumi kati ya 12 ni wengi sana. Lakini si "all", na miaka 40 ya jangwani inasimama katika tofauti hiyo ndogo.

"Some of us" haina shida, ni wamoja wetu. Shida iko kwenye kipandio kinachofuata, na ni shida ya herufi moja, ile "a".

Katika kelasi moja ya chini tuliuliza ni nani anafahamu hadisi ndefu zilizo ndani ya yale makarto. Mikono michache iliinuka. Tuliandika: "A few of them understand the long stories." Mwalimu aliangalia akauliza: munataka wageni wafurahi ao wahuzunike? Hatukufahamu ulizo lake. Akafuta herufi "a", ikabaki "Few of them understand the long stories", akauliza tena. Ndipo tulielewa. Ukisema "a few", unasema kuko wachache wanaofahamu, walau hao, tushukuru. Ukisema "few" peke yake, unasema ni paka wachache, karibu hakuna, na kuna shida. Hesabu ni ile ile. Watoto ni wale wale na mikono ni ile ile. Kilichogeuka ni hukumu ya mwenye kuandika. Kwa Kifaransa ni kama tofauti ya "quelques-uns" na "peu". Tena ni sawa kwa vitu visivyohesabika, "a little" na "little": "We have a little time" ni kusema tunayo nafasi kidogo, ingia ukae. "We have little time" ni kusema usikae.

Chini kabisa kuko "none of us", hata mmoja. Kwa Kiswahili tunasema "hata mmoja wetu hafikiri", kwa Kifaransa "aucun de nous ne pense", basi tunaandika "None of us doesn't think so". Hilo ni kosa, maana "none" imekwisha kubeba ukano, haitaki mwingine nyuma yake. Andikeni "None of us thinks so". Wengine wanaandika "think" bila "s", na hilo pia linakubaliwa. Lakini "everybody" na "everyone" zinataka "s" daima, "Everybody thinks", hata kama ni shule nzima, kwa maana Kiingereza kinamhesabu kila mtu peke yake. Kumbe "people" ni kinyume: "People think", bila "s" na bila "the", hata kama Kifaransa kinasema "les gens".

Tuache hesabu, tuingie kwenye vitendo.

Kwa Kiswahili kitendo chetu kikubwa ni "kuona". Tunaona kwa macho, tunaona njaa, tunaona baridi, tunaona haya, tena tunaona kama jambo fulani ni jema. Neno moja kazi nyingi, kama sufuria ya mama mwenye watoto wengi. Kwa hiyo tunaandika "We see that the books are good". Mwingereza atafahamu kama tumehakikisha jambo, limekwisha, hakuna maneno. Kama ni maoni yetu tu, kitendo ni "think": "We think that the books are good". Ile "that" inaweza kuondoka bila madhara, hasa katika kusema.

Kitendo kingine ni "find", na umbo lake linatushinda kwa sababu ni fupi kupita lile tunalotarajia. Ni "find", kisha kitu, kisha sifa ya kitu, basi. "We find the books difficult." Hakuna "that" wala "are". Na kama kinachohukumiwa ni kazi, si kitu, lazima kutia neno dogo "it" la kushika nafasi: "We find it difficult to read them." Mwanafunzi wetu anaandika "We find difficult to read them", kwa kuwa Kifaransa kinasema "nous trouvons difficile de les lire" bila kitu katikati. Ile "it" ni sawa na mtoto anayeshikilia fasi ya mama yake kwenye mstari wa maji. Yeye mwenyewe hachoti, lakini akitoka, fasi imepotea. Na "consider" inafuata umbo hilo hilo: "We consider him honest", "We consider it wrong to laugh at him". Walimu wanaofundisha Kiingereza kwa maumbo ya sentensi namna hii wanamkumbuka A. S. Hornby, aliyefundisha huko Japani, na ambaye mwaka 1954 alitoa kitabu kilichopanga maumbo ya vitendo vya Kiingereza, 25 kwa hesabu yake. Tusiogope, kwa maoni tunahitaji matano ao sita.

Juu ya kukana maoni. Kwa Kiswahili tunasema "nafikiri hajui". Kwa Kiingereza ukano unapenda kuruka mbele, ukae juu ya "think": "I don't think he knows." Mtu akisema "I think he doesn't know", anafahamika, lakini sikio la Mwingereza linasimama kidogo. Hapa kwa mara moja Kifaransa kinatusaidia, maana "je ne pense pas que" inakana vile vile. Lakini "hope" haikubali mruko huo. Hatusemi "I don't hope he is late", tunasema "I hope he isn't late". Na jibu fupi ni "I think so", "I don't think so", "I hope so", "I hope not". Ile "I think that yes" tunayoisikia kila siku katika kiwanja ni "je pense que oui" iliyovaa shati ya Kiingereza.

Shati kama hiyo inavaliwa pia na "I am agree". Tumehesabu kosa hili katika makaye yetu wenyewe tukachoka. Linatoka katika "je suis d'accord", na katika Kiswahili chetu cha kila siku, "niko dakor". Kwa Kiingereza "agree" ni kitendo kizima, hakihitaji "am" ya kukibeba, kama vile hatusemi "I am eat". "I agree. We agree. She agrees. We don't agree." Kisha muangalie neno linalofuata. Unapatana na mtu kwa "with": "We agree with you." Watu wanapatana pamoja juu ya jambo kwa "on": "We agreed on the date." Unakubali shauri lililoletwa na mwingine kwa "to": "The headmaster agreed to our plan." Na "discuss" haitaki "about" kabisa, "We discussed the matter", basi. "According to me" vilevile iachwe. "According to" ni kwa maneno ya mwingine, "according to the teacher". Maoni yako mwenyewe ni "in my opinion", na ya wengi ni "in our opinion".

Sasa namna ya kumfuata mwenzako katika maoni. Sisi tunasema "na miye vile", na neno hilo linafuata kila kitu: mtu akisema anapenda, na miye vile, akisema hapendi, na miye vile, akisema amechoka, na miye vile. Kwa Kiingereza mufuate kitendo cha mwenye kusema, na neno la kusaidia likae mbele ya mtu:

"I think so." "So do I."
"I am tired." "So am I."
"We have finished." "So have we."
"I don't like it." "Neither do I."
"He can't come." "Neither can she."

"Me too" inafaa katika mazungumzo, hatuikatazi. Lakini katika ukano "me too" haiingii. Mtu akisema "I don't like it", nawe ukijibu "Me too", hatujui umefuata upande gani.

Tumebaki na kitendo kimoja, na juu ya hiki tutakaa zaidi. Ni "know".

Mwaka uliopita, katika enterna, tochi ya mwenzetu ilipotea. Kulikuwa kijana mmoja aliyefika kwetu katikati ya mwaka, jamaa yake walikuwa wamekimbia vita, na hakuwa na rafiki wengi. Hakuna mtu aliyemwona na tochi. Lakini siku ya klabu ya Kiingereza tulicheza mchezo wa kutunga sentensi za maoni, kila mtu yake, na mmoja wetu akasimama akasema: "Everybody knows who took the torch." Kisha akamtazama yule kijana. Sisi tulicheka. Yule kijana, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kidogo kupita cha wote chumbani, aliuliza: "Who is everybody?"

Hakuna aliyemjibu.

Juma lililofuata alihamia kwa mjomba wake, akawa anakuja shuleni kwa miguu kila asubuhi, saa nzima ya njia. Tochi ilionekana siku ya kufagia depo ya chakula. Ilikuwa nyuma ya magunia ya maharagi, fasi mwenye tochi mwenyewe aliiweka alipokuwa akisaidia kupanga magunia, akasahau. Tulikwenda kumwomba yule kijana radhi. Alitusamehe. Kulala enterna hakurudi.

Sasa tuitazame sentensi ile kama wanafunzi, kwa sababu wakati ule hatukuitazama. Ina makosa mawili, na hakuna hata moja la sarufi. La kwanza ni "everybody". Tulipohesabu baadaye, waliokuwa wakisema maneno hayo walikuwa watu wane, wale wenye sauti kubwa. Wengine walikuwa kimya, na ukimya wao ulihesabiwa kama kura. Kwa ngazi yetu ilipaswa kusemwa "some of us", ao tuseme kweli, "a few of us".

La pili ni "knows". "Think" na "believe" ni vitendo vya maoni. Maoni yanaweza kuwa ya kweli ao ya uongo, na kitendo kinabaki salama. Lakini "know" ni kitendo kinachokubali jambo la kweli peke yake. Mujaribu wenyewe. Leo, tochi ikiwa imekwisha kuonekana, tunaweza kusema bila shida: "We thought that he had taken the torch." Ni kweli, tulifikiri hivyo, na tulikosea. Lakini hatuwezi kusema: "We knew that he had taken the torch." Sentensi haisimami tena, maana hakuichukua, na jambo lisilokuwa halijulikani. Basi mtu anayesema "we know" pahali pa "we think" hasemi maoni yake kwa nguvu zaidi. Amekwisha kukata hukumu. Kiswahili kina tofauti ile ile, "tunajua" na "tunafikiri", lakini katika lugha yetu wenyewe tunapita juu yake mbiombio bila kuisikia. Sisi tuliisikia vizuri kwa Kiingereza, kwa sababu katika lugha ya kigeni mtu anatembea polepole.

Mmoja wa wenzetu alisema ingekuwa vizuri kutumia umbo la magazeti: "It was said that he had taken the torch," ilisemwa kwamba alichukua tochi. Ao lile fupi, "He was said to have taken the torch." Maumbo haya mawili ni ya kujifunza, yanakuja mara nyingi katika masomo na katika mitihani. Muangalie vema mgeuko: "People say that he is clever" inakuwa "It is said that he is clever", ao "He is said to be clever". Na kama jambo limepita: "He is said to have been clever." Vile vile kwa "thought", "believed", "known". Kifaransa kinasema "on dit que", na wengi wetu tunatafsiri "one says that", ambayo haisikiki katika kinywa cha Mwingereza. "Banasema" yetu iko karibu sana na "they say", ambayo ni nzuri kwa mazungumzo.

Lakini kama njia ya kumsaidia yule kijana, hatuoni kama umbo hilo lingesaidia. "It is said" inafaa kwa mambo yasiyo na mwenyewe, mfano, "It is said that the road will be repaired this year." Kwa jambo linalomgusa mtu, inaficha mwenye kusema, na mgusiwa hana wa kumwuliza. Kwa "everybody" aliweza walau kuuliza ni nani. Kwa "it is said" angeuliza nani? Tunaona heri "Some boys say", ambayo ni mbaya lakini ina watu ndani.

Juu ya "sisi" ya somo hili, musiulize. Anayeshika kalamu ni mmoja. Lakini makapita wote walisoma kila mstari kabla ya kuupeleka, na wawili wao hawakupenda habari ya tochi iandikwe. Basi sahihi ni: "Most of us agreed to write it."

Kuko umbo moja tena la kutafuta maoni ya pamoja, ni kile kiulizo kidogo cha mwisho. Sisi tunacho kimoja kwa sentensi zote, "sivyo?" ao "si njo vile?". Wafaransa pia wana kimoja, "n'est-ce pas?". Waingereza wana kipya kwa kila sentensi, na kinageuka upande: "The books are difficult, aren't they?" "You don't agree, do you?" "She can read it, can't she?" "He took it, didn't he?" Kama sentensi ni ya kukubali, kiulizo ni cha kukana, na kinyume chake. Sauti ikipanda mwishoni, mtu anauliza kweli. Sauti ikishuka, haulizi, anataka tu ukubali. Walimu wanakijua sana kile cha kushuka: "You have all understood, haven't you?" Na kelasi nzima inajibu "Yes, sir".

Wengine watasema haya yote ni mengi mno kwa barua moja ya mabuku. Inchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiingereza ni lugha moja ya kazi za Jumuiya ile. Kati yetu watatoka watakaoandika rapoti kwa jina la kanisa, la chama cha walimu, la soko, la kijiji kizima. Wataanza na "we", na watu wa kijiji hawatakuwa hapo kunyoosha kidole.

Barua ya pili, baada ya kuhesabu, ilikuwa hivi:

"Dear friends, We thank you for the books. Most of the pupils in the upper classes find them useful. The pupils in the lower classes find them too difficult, and few of them can read the long stories. Some of us would like shorter stories with pictures. We all agree that the dictionaries are the best gift. None of us thinks that you should stop sending books."

Si nzuri kama ya kwanza. Ni ndefu, na haina ule utamu. Ilisomwa mbele ya mstari, na yule binti aliombwa aseme maneno yake. Alisema: "Sasa njo vile." Kisha akaomba "too difficult" iandikwe "much too difficult". Tulikataa, tukapiga kura, tukashindwa. Barua ilikwenda na "much". Jibu halijafika bado.

ZOEZI. Mugeuze sentensi hizi kwa Kiingereza. Mbele ya kuandika ile ya pili na ya nne, muzunguke kelasi yenu muulize kwanza:

1. Sisi wawili tunafikiri kama mvua itanyesha.
2. Wengi wetu wanaona vigumu kuamka saa kumi na moja.
3. Sifikiri kama mwalimu anakuja leo. Na miye vile.
4. Ni paka wachache wetu wanaopenda maharagi ya kila siku.
5. Inasemwa kwamba mto huu ulikuwa na mamba wengi.
6. Muko dakor nasi, sivyo?

Majibu mutie ndani ya kisanduku kilicho karibu na mlango wa maktaba, mbele ya siku ya ine. Mwandike jina na kelasi. Wanaojibu kwa kundi waandike majina ya wote walio katika kundi, na kila mmoja atie sahihi yake mwenyewe.